Kipimo Kilichomstaafisha Mwenye Kipimo

Ndugu msomaji, kabla hujafika sentensi ya pili, hebu angalia nani amesimama nyuma yako. Kama ni Bwana Utawala, yaani afisa utawala wetu, kunja karatasi hii, itie mfukoni, na uanze kuzungumzia hali ya hewa. Nakuomba, tena nakusihi, neno hata moja la humu lisitoke nje ya jengo letu. Usiipige picha. Usiitupie kwenye kundi la simu la wafanyakazi. Usimsomee mwenzako wa nyumbani, hata kama ni msiri. Wasifu rasmi wa mstaafu wetu upo, na utaupata ukumbini siku ya sherehe, kwenye karatasi inayong'aa, neno "mahiri" likiwa limetumika mara saba kwa agizo la ofisi. Huu ni ule mwingine. Ameuandika karani ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao, na ambaye angependa sana kuuona mkataba huo ukianza tena.

Sasa tuanze inavyotakiwa.

Daktari wetu, mkuu wa kitengo cha tiba ya mazungumzo, anastaafu Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Wafanyakazi tunamwita Mzee Matarajio, ila si mbele yake. Mbele yake tunamwita Daktari, na akiwa amekasirika tunamwita Daktari mara mbili katika sentensi moja.

Alianza kazi kwenye chumba kimoja nyuma ya famasi yetu, chumba kilichokuwa stoo ya maboksi kabla ya kuwa mahali pa kutulizia nafsi za watu. Kilikuwa na dirisha lisilofunguka, viti viwili na pazia. Upande huu wa pazia mtu analia, upande ule mfamasia anahesabu vidonge. Wakongwe wanasema wapo waliopata nafuu haraka kwa sababu tu walichoka kuangaliwa na mfamasia kila walipotoka.

Katika chumba hicho ndipo lilipomjia wazo kubwa la maisha yake. Alikuwepo seremala mmoja ambaye tangu afiwe na kaka yake alikuwa hapati usingizi. Alihudhuria vikao vichache, akaanza kulala, akaanza hata kuchelewa kazini kwa sababu ya kulala. Daktari, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, akamuuliza ni nini hasa kilichomsaidia. Aliuliza kwa unyenyekevu wa mtu anayelijua jibu.

"Nikwambie ukweli, daktari?" seremala akasema. "Ni lile benchi lenu la nje. Nafika mapema, nakaa zangu, hakuna wa kuniita fundi njoo huku, fundi njoo kule. Nyumbani siyapati hayo."

"Na mazungumzo yetu?"

"Nayo si mabaya."

Hiyo "si mabaya" haijamtoka rohoni mpaka leo. Mtu wa kawaida angeongeza mabenchi. Daktari alifikia hitimisho la kisomi zaidi: kosa lilikuwa kuwauliza watu baada ya kupata nafuu, wakati kila mmoja ameshajionea mambo yake na hawezi tena kusaidiwa. Kuanzia siku hiyo angewauliza kabla.

Likazaliwa Dodoso la Matarajio. Kwa mgeni ambaye hajawahi kukutana nalo, ni kurasa kadhaa za sentensi zinazoanza kwa neno "Nitabadilika". Nitabadilika kwa sababu mtaalamu atanionyesha chanzo cha tatizo langu. Nitabadilika kwa sababu nitapewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Nitabadilika kwa sababu nitatoa yaliyonijaa moyoni. Mgonjwa anaipa kila sentensi namba, kuanzia moja, yaani sitarajii kabisa, hadi tano, yaani natarajia mno. Lengo ni kujua mtu anadhani ni kitu gani kitakachomgeuza, kabla hajaanza kugeuzwa.

Wazo lenyewe, kusema kweli, halikuwa baya, na hapa naweka kejeli chini kwa muda wa aya moja. Kabla yake hakuna aliyewauliza wagonjwa chochote. Mafaili ya zamani yameandikwa "hana ushirikiano" ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba jiji zima lilikuwa limegoma. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtu anayekuja akitarajia ushauri, akapewa kimya na kuitikiwa kwa kichwa tu, harudi tena. Na kwamba anayekuja bila kutarajia lolote huondoka hata kiti hakijapata joto. Matarajio ni nusu ya safari ya mgonjwa. Alilisema hilo wakati wenzake wakiona ni upuuzi, na alilisema bila kuchoka.

Bila kuchoka hasa. Hapo ndipo penye hadithi.

Wagonjwa nao walilipokea dodoso kama watu wanavyopokea mtihani. Wapo walioomba kuona majibu ya waliofaulu. Mama mmoja alimjazia mwanawe, kijana mwenye ndevu, kisha akamkabidhi kalamu atie sahihi. Baba mmoja alitia tano kila mahali, na alipoulizwa akasema, "Nikitia mbili si mtaninyima?" Daktari aliyasikia haya akasikitika. Aliona watu hawalielewi dodoso. Basi, kwa huruma yake, akaamua kuwaelewesha.

Hivyo likaanzishwa somo tunaloliita Utangulizi. Kila Jumatatu asubuhi wagonjwa wapya hukusanywa ukumbini, na Daktari huwaeleza jinsi mtu anavyobadilika. Mwanzoni yalikuwa maneno machache tu. Baadaye likaongezwa ubao. Baada ya ubao ukaja mchoro wa nyumba yenye vyumba vilivyofungwa, ambavyo ni nafsi ya mgonjwa, na mtu mwenye miwani aliyeshika ufunguo, ambaye ni mtaalamu. Miwani hiyo inafanana mno na ya Daktari, lakini hiyo ni bahati ya mchoraji. Utangulizi ukakua ukafika saa nzima, ukapita. Ukiisha, watu wanagawiwa dodoso lenye sentensi: "Nitabadilika kwa sababu mtaalamu atanifungulia niliyoyafungia." Tano. Tano. Tano. Tano.

Matokeo yakaushangaza ulimwengu, yaani yeye na Bwana Utawala. Ikaandikwa ripoti kwamba matarajio ya wagonjwa wetu yanalandana kwa kiwango kisicho cha kawaida na nadharia ya mtafiti. Wafadhili wakafurahi. Matawi mengine yakaagizwa kulitumia dodoso pamoja na Utangulizi wake, mchoro na miwani vikiwemo. Na kila somo liliporefuka, namba nazo zilipanda, jambo ambalo Daktari alilichukulia kama ushahidi kwamba wagonjwa wa siku hizi ni waelewa zaidi.

Naibu wake ni mshauri wa miaka mingi ambaye wote, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Dada Mkubwa. Huyu alilisema mapema, kikaoni, mbele ya watu.

"Kaka, unawahubiria saa nzima halafu unawauliza wanaamini nini. Wafanyeje sasa, wakubishie?"

"Si mahubiri, dada. Ni maelezo."

"Basi Jumatatu moja tu wape dodoso kwanza, maelezo yafuate."

"Wajaze wasichokielewa? Hiyo ni sayansi au bahati nasibu?"

Watu wakacheka, chai ikaletwa, kikao kikaahirishwa. Kikao hicho hicho, kwa maneno hayo hayo, kimefanyika kila mwaka, na kila mwaka chai imekuja wakati muafaka.

Mwaka huu Daktari alifikia umri wa kustaafu. Sote tulijiandaa kulia kwa kiasi. Yeye akaandika kuomba nyongeza ya miaka miwili, kwa hoja kwamba wagonjwa wanamtarajia, na kumwondoa ni kuwaondolea tiba. Hili halikuwa la mchezo, kwa sababu Dada Mkubwa alishateuliwa kumrithi, na kitengo chetu hakina nafasi ya wakuu wawili. Daktari akibaki, Dada Mkubwa anahamishiwa makao makuu, kwenye meza ya kupitisha maombi ya likizo, na kundi lake la Alhamisi linavunjika. Kundi hilo ni la wazazi waliofiwa na watoto. Hakuna mwingine hapa anayeweza kuliongoza, na waliojaribu siku alipougua wanakiri hivyo bila kulazimishwa. Wazazi hao walishapata fununu. Mmoja wao alifika dirishani kwangu, chumba cha kumbukumbu, akauliza Alhamisi yao ipo au haipo, nikamwambia ipo, bila kujua kama ni kweli.

Dada Mkubwa mwenyewe nilimkuta akivifunga kwenye magazeti vikombe vya kundi lake. "Usitoe macho hivyo, mdogo wangu," aliniambia. "Mimi meza nimezizoea. Ila hawa watu wangu ndio sijui niwaambieje."

Bodi ilijibu kwa busara ya bodi zote: leteni takwimu. Bwana Utawala akapiga meza kwa furaha. "Kipimo kitasema chenyewe!" Dodoso likaongezewa sentensi moja: "Nitabadilika iwapo Daktari Mkuu wa sasa ataendelea kuwepo kazini." Karani aliichapa bila kukohoa. Ilipangwa ijazwe Jumatatu, baada ya Utangulizi, na takwimu ziende Bodi jioni yake. Sote tulijua zitakavyokuwa. Unaweza kuiona mvua ikija na bado huna pa kuanika.

Sasa, Jumapili ya kuamkia Jumatatu hiyo, Daktari alialikwa harusi ya mpwa wake na akaombwa atoe nasaha kidogo kwa maharusi. Naamini aliyemwomba hakuwa amewahi kuhudhuria Utangulizi. Kipaza sauti kilizimika mapema, kwa sababu za kiufundi au za kibinadamu, lakini Daktari hakuwa mtu wa kurudishwa nyuma na kifaa. Aliendelea kwa sauti yake mwenyewe mpaka wapishi wakatoka kuja kutazama kuna nini.

Jumatatu ukumbi ukajaa. Daktari akasimama mbele ya mchoro wake, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya bawaba ya mlango. Akanywa maji, ikatoka bawaba iliyolowa. Akaandika ubaoni, lakini sentensi ya kwanza ya Utangulizi peke yake ilijaza ubao wote na kitenzi kilikuwa bado hakijafika. Watu wakatazamana.

"Wagawie tu," Bwana Utawala akanong'ona kwa karani. "Bodi inataka namba leo."

Naomba hilo likumbukwe, ikitokea mtu akaulizwa: ni yeye aliyesema.

Mama mmoja wa makamo alilipindua dodoso mbele na nyuma. "Hapa hakuna maelezo?"

"Leo hakuna, mama. Jaza unavyotarajia wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

"Haya makubwa," akasema, akavua kiatu kimoja, akaanza.

Walikawia kumaliza. Hakuna aliyechungulia kwa jirani, kwa sababu jirani naye alikuwa hajui cha kuchunguliwa. Walitafuna kalamu, wakafuta, wakatazama dari. Yule mama alifika mahali akatoa leso, akajifuta macho, akaendelea kutia namba.

Mchana karani alijumlisha, akarudia kujumlisha akiwa na jasho. Ile sentensi ya mtaalamu na ufunguo wake, ambayo kwa miaka yote haikushuka chini ya tano, ilikuwa na mbili. Mazoezi ya nyumbani yalipata wastani wa huruma. Sentensi iliyopanda kupita zote ilikuwa ile ya mwisho kabisa, ambayo Daktari aliiandika ujana wake na hakuna aliyewahi kuitazama tena: "Nitabadilika kwa sababu nitapata mtu wa kunisikiliza bila kunikatiza." Na ile iliyoongezwa, ya Daktari kubaki kazini, ilipata moja karibu kwa kila mtu. Mgonjwa mmoja aliandika pembeni, kwa mwandiko mzuri sana, "Ndiye yupi?"

Bwana Utawala alikuja kwenye chumba cha kumbukumbu, akasoma, akageuka rangi.

"Hizi si halali. Koo likipona tunarudia Jumatatu ijayo. Karani, hizi hukuziona."

"Sikuziona, Bwana."

"Hukuziona wapi?"

"Popote, Bwana."

Wakati huo Daktari alikuwa ameshaingia. Akanyoosha mkono, na mkono wa Daktari unaponyooshwa hapa kazini haurudi mtupu. Alizisoma akiwa amesimama. Kisha akaomba za Jumatatu iliyopita, akaziweka sambamba, akavuta kiti. Alipeleka kidole mstari kwa mstari, upande huu na upande ule, mpaka Bwana Utawala akaanza kuhema.

"Hawa nani aliwaeleza?" Daktari akanong'ona. Ndiyo sauti pekee aliyokuwa nayo.

"Hakuna, Daktari."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa, Daktari."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikatafuta pa kuangalia. Alikuwa anacheka, ila kicheko hakikuwa na sauti ya kutokea.

"Kumbe miaka yote nilikuwa najipima mimi," akasema.

"Daktari, usijichoshe," Bwana Utawala akasema kwa upole wa kutisha. "Ni wiki moja tu. Ukitoa Utangulizi wako vizuri, namba zitarudi mahali pake."

"Najua zitarudi. Ndiyo shida yenyewe."

"Na nyongeza ya miaka miwili?"

"Umesoma mwenyewe. Wanauliza ndiye yupi." Akazipanga karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akanikabidhi. "Kijana, peleka Bodi. Za leo. Na uwaandikie kwamba hizi ndizo za kwanza."

Nilizipeleka kwa miguu, nikizikumbatia kifuani kama mtoto wa watu.

Bodi ikakataa nyongeza. Dada Mkubwa akathibitishwa kuwa mkuu wa kitengo, na vikombe vikatoka kwenye magazeti Alhamisi ile ile. Yule mzazi alipopita dirishani hakuuliza kitu, aliniinulia mkono tu.

Kuhusu wasifu rasmi, Bwana Utawala ameelekeza iandikwe kwamba Daktari "ameamua kwa hiari kupumzika ili awe karibu na familia", na kwamba dodoso lake "limesimama imara miaka yote". Kuhusu la kwanza, mkewe alipiga simu ofisini kuuliza karibu na familia ipi, na kama angeweza kupewa taarifa mapema. Kuhusu la pili, wafadhili wakijua kwamba matawi yote yamekuwa yakipima urefu wa hotuba, wapo watu watakaokosa usingizi, na seremala aliwahi kutueleza inavyokuwa. Ndiyo maana karatasi hii ni siri. Jambo jema kuliko yote aliyoyafanya Daktari hapa kazini ndilo pekee lisiloruhusiwa kuandikwa kwenye programu ya sherehe yake. Kipimo chake kilipima kitu kwa mara ya kwanza, kikamfukuza kazi, na yeye, akiwa na wiki nzima ya kukinyamazisha, akakiacha kiseme. Mahiri, mara saba. Ya nane naiweka mimi, bila agizo.

Limebaki dogo. Ipo kanuni kwamba kila anayestaafu hapa lazima apitie vikao vya maandalizi. Kanuni hiyo aliitunga Daktari mwenyewe, na aliamini kwa dhati kwamba inawahusu madereva tu. Juzi alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mlango ukiwa wazi kwa sababu nilikuwa napeleka karatasi. Sauti yake ilikuwa imesharudi. Dada Mkubwa akasukuma dodoso mbele yake, na kalamu.

"Kwani huanzi kwa kunieleza?" Daktari akauliza.

"Jaza kwanza, kaka. Maneno baadaye."

Akalitazama dodoso kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Akauliza, taratibu sana, "Wengine huwa wanaweka nini?" Dada Mkubwa alijimiminia maji, akasubiri. Nikafunga mlango. Nilipopita tena, saa ya kikao ilikuwa imekwisha na walikuwa bado ndani, na sikusikia hotuba. Alichojaza sikijui. Usiniulize, na usimuulize Dada Mkubwa, maana atakutazama tu.

Daktari, tunakushukuru kwa kuwauliza watu, na zaidi kwa ile Jumatatu uliyokubali kujibiwa. Tunakuombea usingizi mzito, afya isiyokupeleka kwa wenzako, na watu wa nyumbani watakaokukatiza kwa mapenzi. Vyumba vyako tumevifungua madirisha. Nenda salama, mzee wetu.

Mwenye nyongeza, sahihisho au kitisho, asipige simu ya ofisi. Anayepokea ni Bwana Utawala. Njoo chumba cha kumbukumbu, korido ya chini, mlango unaokwama, usukume kwa bega. Njoo wakati wa chai. Gonga, useme umekuja kuulizia wino wa printa. Nikijibu kwamba umekwisha, ingia, tuzungumze. Nikijibu kwamba upo, ujue na Bwana Utawala naye yupo: jaza fomu ya kuomba wino, utie sahihi, uende zako.